Gari kuukuu hufa kwanza moyoni mwa mwenyewe

Ni nadra kupata kijiji katika nchi hii kisichokuwa na gari lililosimama. Liko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mparachichi, limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu hayapo, na kuku wamekifanya kiti cha dereva kuwa mahali pa kutagia. Ukimwuliza mwenyewe atakuambia kuwa analitengeneza. Ukimwuliza ameanza lini, atatazama kando.

Aghalabu magari haya ni yale yaliyokuwa fahari ya watu zamani: Peugeot 404 na 504, Volkswagen zile za mgongo wa mviringo, Datsun na Land Rover. Yalinunuliwa na walimu, machifu na wafanyabiashara wakati ambapo kijiji kizima kiliijua sauti ya motokaa ya kila mtu, na watoto waliweza kusema ni nani anayekuja kabla hajatokea kwenye kona. Leo wana na wajukuu wameyarithi. Wengi wao waliapa kuyarudisha barabarani kwa mikono yao wenyewe, na wengi wao hawakufika mbali.

Watu husema kuwa kilichoyashinda magari hayo ni kutu, au vipuri kukosekana, au pesa kwisha. Mimi sikubaliani nao. Palipoliwa na kutu hukatwa, pakachomelewa bati jipya. Vipuri hupatikana kwa mwenye subira ya kuvitafuta, na kisichopatikana huchongwa. Pesa huja na kwenda, na mtu aliyekosa shilingi mwezi huu huenda akaipata mwezi ujao. Kitu kisichorudi kwa urahisi ni moyo wa kufanya kazi. Na moyo huo, ndugu msomaji, haupotei kwa sababu kazi ni ngumu. Hupotea kwa sababu kazi imepangwa vibaya hata mtu haoni mwisho wake.

Hili ndilo ninalotaka kulieleza leo. Mtu anayetengeneza gari kuukuu hahitaji kuzaliwa na ushupavu wa ajabu. Anahitaji kuigawa kazi yake katika vipande anavyoweza kuvimaliza, na kila kipande kimalizikapo humpa nguvu ya kukishika kingine.

Kubomoa ni rahisi

Tuchukue mfano wa kijana aliyerithi Peugeot 404 ya marehemu babake. Jumamosi ya kwanza anakuja na marafiki watatu na sanduku la spana. Wanang'oa injini, wanatoa viti, wanafungua milango, wanavuta nyaya zote za umeme. Ikifika jioni gari limebaki mifupa, na kila apitaye njiani anasema, "Leo vijana mmefanya kazi!"

Kubomoa kuna utamu wake. Matunda yake huonekana upesi na hakuhitaji pesa wala maarifa. Lakini jioni ile ile ndipo msiba ulipoanza. Nati na bolti zote zimetiwa katika mkebe mmoja wa rangi. Nyaya zimefungwa pamoja kama kuni. Vioo vimeegemezwa ukutani pale watoto wanapochezea mpira.

Baada ya miezi sita kijana huyu hakumbuki bolti gani ilitoka wapi. Na kuna jambo baya zaidi. Hawezi tena kupata kazi hata moja ya kuimaliza kwa siku moja. Akitaka kurudisha milango, sakafu haijachomelewa. Akitaka kuchomelea sakafu, hana pesa za bati. Akitaka kuwasha injini, imelala kwenye gunia katika ghala ya mahindi. Kila kazi inangoja nyingine kumi, na mtu anayeamka kila Jumamosi kukabili kazi isiyoweza kwisha ataanza, taratibu, kutafuta sababu za kwenda kwingineko. Atahudhuria kila harambee na kila mazishi. Watu watamwita mvivu, lakini uvivu hakuanza nao. Ulimjia baada ya kukosa kuona matunda ya jasho lake.

Ndiyo maana naona kuwa sheria ya kwanza ya kazi hii ni moja: usifungue kitu ambacho huna uwezo wa kukifunga. Kama pesa ulizo nazo ni za breki za mbele, fungua breki za mbele peke yake, uzitengeneze, uzifunge. Liache gari lisimame kwa magurudumu yake kadiri iwezekanavyo. Gari linaloweza kusukumwa bado ni gari. Lililotawanywa katika vyumba vitatu ni mzigo wa vyuma, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita kila wiki na mizani yao.

Somo la Safari

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta funzo juu ya jambo hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yaliendeshwa siku za Pasaka, katika njia za kilomita zipatazo 5,000 zenye matope, vumbi na mawe. Yale ya siku hizi, yaliyorejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni mafupi zaidi.

Katika Safari ya mwaka 1963 magari yaliyoanza yalikuwa zaidi ya themanini. Yaliyofika mwisho ni saba tu. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: yakafika saba. Na mshindi wa miaka hiyo miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, naye aliendesha Peugeot 404, gari lile lile ambalo leo limelala chini ya mparachichi. Kati yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili kwa 404 vile vile.

Tena yuko Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye kabla ya kuwa bingwa alikuwa makanika. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano, wakalinunua na kulitengeneza. Watu humkumbuka Joginder kwa ushindi wake watatu, wa 1965, 1974 na 1976. Mimi humkumbuka zaidi kwa hesabu nyingine: alishiriki Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo kufika kwenyewe kulikuwa ushindi, hesabu hiyo ni kubwa.

Watu kama hao walifikaje? Dereva wa Safari hakuwaza kilomita 5,000. Angeziwaza zote kwa pamoja angeshuka garini akarudi nyumbani. Njia ilikuwa imegawanywa kwa vituo vya ukaguzi, na kila dereva alikuwa na kituo kimoja tu akilini mwake: kile cha mbele. Akikifikia, kadi yake ilipigwa muhuri, kipande hicho kikawa kimekwisha, naye akashika kingine. Hata aliyekuwa amechelewa kwa saa nyingi alijua amebakiza nini.

Mwenye kutengeneza gari kuukuu hana budi kujiwekea vituo vya namna hiyo. "Kulitengeneza gari la baba" si kituo. Hiyo ni safari nzima. "Kusafisha kabureta na kuirudisha mahali pake" ni kituo, na mtu aweza kukifikia kabla ya chakula cha mchana.

Kituo cha kwanza

Wengi huanza na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo ionekanayo. Hilo ni kosa. Rangi iliyopakwa leo itaungua kesho fundi atakapochomelea bodi, na pesa zitakuwa zimemwagwa. Rangi ni kituo cha mwisho.

Maoni yangu ni kuwa kazi ianze kwa kuifanya injini ingurume. Injini ya petroli ya zamani haina siri kubwa. Inataka mambo matatu: petroli safi, cheche ya moto kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Petroli iliyokaa tangini miaka mingi huharibika, basi na imwagwe yote na tangi lisafishwe. Kabla ya kugusa stata, toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, uiache siku moja au zaidi, kisha uizungushe injini kwa mkono. Ikizunguka, mshukuru Mungu. Ikikwama, ongeza oili na ungoje; usiilazimishe. Pointi za distributa zisafishwe na kupimwa mwanya wake, ambao kwa injini nyingi za enzi hizo ni kama milimita 0.4. Kazi yote hiyo haihitaji pesa nyingi, na yaweza kukamilishwa katika Jumamosi mbili au tatu.

Siku injini itakapowaka, hata kwa dakika moja tu na kwa moshi mwingi, utaona mabadiliko nyumbani. Majirani watatoka. Wazee watasema, "Hiyo si gari ya marehemu?" Watoto ambao hawajapata kuisikia sauti hiyo watakimbia kuja kuona. Kuanzia siku hiyo unachotengeneza ni gari, hata machoni pa wale waliokuwa wakikucheka. Moshi huo wa dakika moja utakusukuma kwa miezi mitatu.

Kituo cha pili ni breki, maana gari linaloweza kwenda lakini haliwezi kusimama ni hatari kwa kijiji. Mipira ya masta silinda na ya magurudumu huoza gari likikaa, hubadilishwa. Kisha liendeshwe hatua kumi uani, mbele na nyuma. Baada ya hapo zifuate taa na nyaya, halafu sakafu na bodi, viti, na mwisho rangi. Kila kimoja katika hivyo kigawanywe tena mpaka kiwe kidogo cha kutosha kwa siku moja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Neno moja la tahadhari: jeki si ya kuaminiwa. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bali tia magogo au vyuma imara vya kuliegemeza.

Daftari na saa

Kuna mambo madogo ambayo watu huyadharau, nayo ndiyo yanayolinda moyo. Moja ni daftari. Kila jioni andika kilichofanyika, hata kama ni kulegeza bolti moja iliyoshikwa na kutu. Mtu aliyechoka huona kana kwamba hajafanya lolote. Daftari litamwonyesha kuwa tangu Januari amekwisha fanya mambo arobaini. Na kila bolti itiwe katika kifuko chake chenye jina. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha, kwa hiyo hakuna udhuru wa kusahau waya upi ulikwenda wapi.

La pili ni saa. Afadhali saa mbili za kila Jumamosi mwaka mzima kuliko wiki nzima ya Krismasi na kisha kimya cha miezi kumi na moja. Kazi inayorudiwa kila wiki huingia katika desturi ya nyumba, nayo desturi haimngoji mtu apate hamu kwanza. Na unapoacha kazi jioni, usiiache mahali ulipokwama. Tayarisha kitu chepesi cha kuanzia wiki ijayo, spana yake ikiwa imelala juu yake.

La tatu ni kuwa na kazi za siku za ukata. Kukwangua kutu, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kupaka grisi, kupanga nati, yote hayo hayahitaji shilingi nyingi. Mwenye kuziweka kazi hizo akiba hatasema kuwa hana la kufanya kwa sababu hana pesa.

Pesa za unga

Hapa ndipo tunapofika penye uchungu. Magari mengi yameleta ugomvi nyumbani. Mume hununua klachi mwezi ambao mtoto amerudishwa kwa sababu ya karo, kisha husema kuwa mke haelewi. Anaelewa sana. Mke anayelalamika si adui wa gari. Analalamika kwa sababu haambiwi ukweli, na kwa sababu kwa miaka mitano ameona pesa zikiingia chini ya mwembe na hakuna kilichotoka.

Mtu anayeficha risiti za vipuri atafanya kazi kama mwizi, akisikiliza nyayo, na hakuna mwizi aliyepata kuipenda kazi yake kwa muda mrefu. Ni heri wawili wakae wakubaliane juu ya kiasi cha kila mwezi, kiwe kidogo namna gani, baada ya unga na karo. Kiasi hicho kikiisha, mwezi huo ni wa kukwangua kutu. Na gari litakapokwenda zile hatua kumi uani, mama wa nyumba na awe ndiye aliyeketi kiti cha mbele. Nyumba ikiwa upande wako, umepunguza nusu ya uzito.

Mafundi wetu wanaondoka

Kujitengenezea mwenyewe hakuna maana ya kujitenga. Zipo kazi zinazotaka mashine, kama kuchonga kranki au kusawazisha hedi ya silinda, na hizo hupelekwa kwa wenye ujuzi. Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, na gereji za jua kali katika kila mji zina watu walioijua 404 tangu wakiwa vijana. Wanajua kuwa injini yake imelazwa upande. Wanajua namna ya kunyoosha vyuma vya gia yake iliyo kwenye shingo ya usukani. Wanajua kipuri kipi cha gari jingine kitakaa mahali pa kile kilichokosekana.

Maarifa hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha shule. Yalijifunzwa juani, kwa mikono, na ndiyo yaliyolipa jina lile la jua kali heshima yake. Wenye maarifa hayo ni wazee sasa. Kila mwaka wachache huzikwa nayo. Kijana anayempelekea mzee wa namna hii kabureta yake, akaketi kwenye tairi kuukuu akatazama na kuuliza maswali, anatengeneza gari na tena anarithi utamaduni. Naye mzee akijua kuwa kuna mtu anayengoja kusikia sauti ya injini hiyo, atakuja mwenyewe Jumamosi ijayo kuuliza imefika wapi. Aibu ya kumwambia kuwa hujagusa kitu ni kichocheo kizuri kuliko hotuba yoyote.

Wenye kupinga

Najua watakaosema, "Ya nini taabu hii yote? Magari yaliyotumika huja kwa meli kutoka Japani, nunua moja uende zako." Kwa mtu anayetaka kufika kazini Jumatatu, wanasema kweli, nami simshauri ategemee 404 ya kuunganishwa uani. Lakini si kila kitu hutengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini. Mtoto aliyemwona mzazi wake akishindwa na bolti Jumamosi moja, akarudi ya pili, akarudi ya tatu, mpaka ikalegea, amepata elimu ambayo haisafirishwi kwa meli. Na kama ni kasi wanayoitaka, tangu mwaka 2003 kumekuwapo Safari ya magari ya zamani, nayo magari ya umri huo yamekuwa yakirushwa matopeni mbele ya macho yetu.

Tena nakiri kuwa yapo magari yasiyofaa kupoteza mali. Lililooza chesisi yote, au lisilo na karatasi zake halali, huenda likamfilisi mtu bure. Mwenye gari la namna hiyo na apige moyo konde, alivunje kwa utaratibu, na vipuri vyake vikaokoe jingine. Hakuna aibu katika kuamua hivyo. Aibu iko katika kukaa miaka kumi bila kutengeneza na bila kuachilia, huku ukiwaambia watu kuwa kazi inaendelea.

Basi wewe mwenye gari chini ya mti, usingoje mpaka upate pesa zote, wala usingoje mpaka moyo ukujie wenyewe. Jumamosi hii fungua boneti, ikiwa itakubali kufunguka. Chagua kitu kimoja tu ambacho unaweza kukimaliza kabla ya jua kutua, kimalize, ukiandike katika daftari, unawe mikono. Kisha uende ukamwambie wa nyumbani mwako umefanya nini.